Muhula Bi Thirlby Alipoukataa Wajibu

Oxford, Jumatatu, 15 Oktoba 1956

Muhula umeanza leo na mvua imeanza leo. Chumba changu kinanuka sufi iliyolowa, na dirisha halifungiki.

Nimekunywa chai na Bi Maud Thirlby, mkuu wa falsafa hapa chuoni, ambaye mwaka jana alikuwa likizoni na kuanzia sasa ndiye bosi wangu. Nilikuwa nimeonywa. Anavaa koti la kiume lililokatika kifungo, anavuta sigara mfululizo, na hasemi jambo kwa sababu tu ni adabu kulisema. Shavu lake la kulia limevimba kama ameficha yai.

"Hester Ludlow. Wewe ndiye mtoto wa Haslam," akasema.

"Nilikuwa mwanafunzi wake, ndiyo."

"Si ndivyo nilivyosema?"

Sijui kama nitampenda. Profesa Gervase Haslam ndiye aliyenifundisha kufikiri, na ndiye aliyenitafutia mwaka jana nafasi hii ya muda katika chuo cha wasichana. Mwezi wa Desemba kamati itaamua kama nibaki moja kwa moja au nirudi Shrewsbury kwa mama nikafundishe Kilatini watoto wa madaktari. Profesa ana sauti nzito kwenye kamati hiyo. Bi Thirlby ana sauti pia, lakini nasikia watu wakimsikia wanatazama dari.

Alhamisi, 18 Oktoba

Profesa ameniita ofisini, akanimiminia divai ya sheri, akaniambia habari kubwa. Bi Thirlby atasoma hotuba mbele ya Jumuiya ya Falsafa tarehe 27 Novemba. Anataka tuache kabisa kusema habari za "wajibu wa kimaadili", turudi kwa Wagiriki wa kale, tuzungumze habari za ujasiri, haki, kiasi na ukarimu.

"Kama vile hatujasogea hatua tangu enzi za watu kuvaa shuka," Profesa akasema, akacheka kile kicheko chake kinachokufanya ujione mwerevu kwa kuwa karibu naye. "Lazima mtu amjibu. Nimewaambia ni wewe, Hester."

"Mimi? Ni mkubwa wangu wa kazi, Profesa."

"Ndiyo raha yenyewe. Uwe mpole, lakini usimhurumie."

Nimerudi kwa baiskeli kwenye mvua nikiimba. Jibu lenyewe nalijua usingizini. Ukisema "mnara una futi mia", unaeleza kitu kilichopo, na mtu anaweza kwenda kupima. Ukisema "ukatili ni mbaya", huelezi kitu. Unatoa agizo: msiwe wakatili, nami sitakuwa. Mambo ya kweli yako upande huu, maagizo yetu upande ule, na katikati, kama Profesa afundishavyo, pana ukuta usio na mlango. Basi mtu huchagua kanuni zake kama mtu mzima, akakubali zimfunge kila mtu, yeye mwenyewe akiwemo. Ni fundisho safi, halina ushirikina ndani yake.

Jumatatu, 22 Oktoba

Mvua. Nimesahihisha insha. Nyama ya kondoo.

Alhamisi, 25 Oktoba

Enid Sowerby hakuja kwenye kipindi chake, mara ya pili sasa. Ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, mrefu, kutoka Hull, na mwaka jana ndiye aliyekuwa akinipa shida ya kweli kwa maswali. Kanuni ya chuo iko wazi: akikosa mara ya tatu bila udhuru, mwalimu anamwarifu Mkuu wa Chuo. Nimempelekea ujumbe wa kumkumbusha.

Jumanne, 30 Oktoba

Mezani leo hakuna aliyekula kwa amani kwa sababu ya mgogoro wa mfereji wa Suezi. Wengine wanasema hatuna budi kwenda kupigana, wengine wanasema ni aibu. Mimi nikasema, kwa busara niliyoipenda mwenyewe, kwamba mwishowe kila upande umechagua kanuni zake na hakuna wa kuamua kati yao.

Bi Thirlby akaweka uma chini.

"Ludlow, mwaka arobaini na tano nilipelekwa Ujerumani na shirika la misaada. Nilifika penye zile kambi za mauaji. Niliwaona waliobaki. Sasa niambie. Nikisema yaliyofanyika pale ni ukatili, nimetoa agizo?"

"Kimantiki, ndiyo. Agizo ambalo sote tunaliunga mkono."

"Na yule mlinzi asiyeliunga mkono?"

"Amechagua kanuni nyingine. Tunampinga."

"Tunampinga," akarudia taratibu, kwa mdomo wa upande mmoja kwa sababu ya lile shavu. "Kama timu ya kriketi."

Alisukuma sahani, akaondoka bila pudini. Mwalimu wa historia akaninong'oneza kwamba nisijali, yuko hivyo kila siku. Lakini nimejali. Nimekaa naandika jibu langu la tarehe 27, na kila nikifika kwenye neno "tunampinga" kalamu inasita.

Ijumaa, 2 Novemba

Enid amekosa tena. Nilikutana na Bi Thirlby kwenye ngazi, nikamwambia naenda kwa Mkuu wa Chuo, kwamba sifurahii lakini ni wajibu wangu.

"Yukoje huyo binti?" akauliza.

"Alikuwa hodari sana. Mwaka huu ameanguka."

"Sijauliza alama. Yukoje?"

Namwona darasani tangu mwaka jana na sijui kama ana ndugu.

"Wajibu!" akasema, akishuka ngazi. "Kengele inaita watu mezani na mpishi alishahama nyumba zamani! Zamani watu waliamini yupo aliyeamuru, kwa hiyo walikuwa na haki ya kusema wameamriwa. Ninyi mmemfukuza mwenye kuamuru, halafu mnatetemeka kengele ikilia. Ungejiuliza tu kama ni haki, au kama ni roho nzuri, ungejua cha kufanya."

Nilikwenda kwa Mkuu hata hivyo. Bi Cathcart alinisikiliza akiwa wima kama rula, akasema atamwita Enid. Nimefanya sawasawa na kanuni, na nimekosa raha jioni nzima.

Jumanne, 6 Novemba

Vita vimesimamishwa Suezi. Budapest Warusi wamerudi na vifaru, hali ni mbaya. Mto umepanda hadi kwenye njia ya watembea kwa miguu.

Ijumaa, 9 Novemba

Leo nimempeleka Bi Thirlby kwa daktari wa meno. Kumbe yai lile la shavuni ni jino, na analo tangu Agosti!

Nilimkuta ofisini ameshika shavu, machozi yanamtoka, anafundisha msichana mmoja habari za ujasiri. Msichana alipotoka nikafunga mlango.

"Bi Thirlby, vaa koti."

"Litapoa lenyewe."

"Miezi mitatu hii halijapoa. Unaogopa."

"Bila shaka naogopa! Umewahi kumwona yule mtu? Ana mikono kama ya fundi bomba."

Tulikwenda kwa miguu, nimemshika mkono kama mzee, na mara mbili alijaribu kuingia duka la vitabu. Mbele ya mlango akaniambia, "Ujue, sielewi kabisa kwa nini watu hudhani anayeandika juu ya ujasiri anao. Anayeutamani ndiye huandika." Halafu akaingia mwenyewe, mimi nikabaki nje.

Alitoka na leso mdomoni na macho yanang'aa. Njia nzima alikuwa akinung'unika kitu ambacho sikukielewa, mpaka tulipofika lango la chuo akatoa leso.

"Jino bovu, Ludlow! Jino bovu ni bovu. Yule bwana hakupiga kura. Hakuchagua kanuni. Aliangalia, akaona, kwa sababu anajua jino ni la kazi gani. Na mtu je? Mtu mwoga, mtu katili, mtu asiyetimiza ahadi? Kuna mambo bila hayo binadamu hawezi kuishi vizuri na wenzake, kama vile bila meno hawezi kutafuna. Mlango wa ukuta wenu ndio huo!"

"Unatoka damu, Bi Thirlby."

"Acha itoke."

Nimeanza kumpenda, na hilo litaharibu jibu langu.

Jumatatu, 12 Novemba

Ukungu. Profesa amesoma rasimu yangu. Anasema mwanzo ni mkali na mwisho ni mlegevu. "Mwisho unamsujudia. Nani amekuroga?"

Alhamisi, 15 Novemba

Nataka kuandika kabla sijalala.

Enid alitakiwa kwa Mkuu wa Chuo saa tisa mchana. Hakutokea. Saa tisa na nusu nikaitwa. Bawabu akasema amemwona Bi Sowerby akitoka bila koti, akielekea upande wa Port Meadow, ule uwanda wa malisho kando ya mto, ambao wiki hii ni ziwa. Nje ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba taa za barabarani zilishawashwa.

Sikungoja ruhusa ya mtu. Nilikimbilia kwa Bi Thirlby kwa sababu sikumfikiria mwingine. Hakuuliza swali. Alivaa viatu bila soksi, akatoka.

Kwenye Barabara ya Walton kigari kidogo kikatukaribia polepole, kikasimama. Alikuwa Profesa Haslam, akienda kwenye mkutano, amevaa suti yake ya kijivu ya mikutano.

"Mnakwenda wapi kama wezi?"

"Mwanafunzi wangu yuko mtoni," nikasema.

"Ingieni."

Basi, neno moja. Petroli tangu vita vya Suezi inatafutwa kwa tochi, na mkutano ule ulikuwa wa kamati kuu, na hakuuliza mwanafunzi yupi wala kwa nini.

Tulifika mwisho wa lami tukaanza kuita. Ukungu unakula sauti. Farasi mmoja alitokeza mbele yangu ghafla, nusura nizimie. Bi Thirlby alikuwa anaita kwa ile sauti yake ya sigara, "Enid! Enid, mwanangu!" Sikujua kwamba hata jina lake la kwanza analijua.

Profesa ndiye aliyemsikia. Enid hakuwa analia wala kujibu. Alikuwa anakohoa. Alikuwa ndani ya maji, mbali kidogo na ukingo, yamemfika kifuani, amekumbatia nguzo ya uzio uliozama. Uso ulikuwa mweupe na macho hayatazami popote.

"Usije," akasema. "Nitarudi mwenyewe. Nilikuwa narudi. Ila miguu imekataa."

Profesa alishaingia. Sikumwona akiamua. Wakati mmoja alikuwa kando yangu, wakati wa pili maji yalikuwa kiunoni mwake na suti inaelea. Na njia nzima alikuwa anaongea, kwa sauti ya kawaida kabisa, habari za paka wake ambaye amezalia ndani ya kofia yake ya mahafali. "Watoto watano, Bi Sowerby, na wote wana sura ya Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu. Nishike shingo. Hivyo. Mkono huu uachie nguzo. Nitamchagulia mmoja akufae. Vizuri sana."

Alimbeba mpaka nchi kavu. Bi Thirlby akamkalisha mapajani mwake pale pale kwenye matope, akawa anamsugua mikono.

Ndipo konstebo wa polisi akatokea na taa yake, amesikia kelele. Kijana tu, masharubu mapya. Akatuangalia, akatoa kijitabu.

"Ameanguka, au ameingia mwenyewe?"

Sote tulijua maana ya swali. Sheria ya nchi hii inamfikisha mahakamani anayejaribu kujitoa uhai. Enid alifungua mdomo.

"Kateleza," Profesa akasema bila kupepesa macho, maji yakimchuruzika kwenye mikono.

Konstebo hakuandika. Alimgeukia Bi Thirlby, na nikaona kwamba anamfahamu. Oxford nzima inamfahamu. Ni yule aliyekwenda mahakamani kujishtaki mwenyewe kwamba alikuwa na kosa kwenye ajali ya baiskeli.

"Na wewe mama, unasemaje?"

Bi Thirlby hasemi uongo. Haambii mtu kofia ni nzuri ikiwa mbaya.

"Sikumwona akiingia," akasema. "Ninachokiona ni mtoto anatetemeka, na hapa pana koti kavu moja tu, na umelivaa wewe."

Konstebo akafunga kijitabu, akavua koti, akainama na kumfunika Enid mpaka kidevuni.

"Ukungu huu," akasema, "mtu yeyote angeteleza. Mpelekeni akaote moto."

Tulimpeleka nyumbani kwa Bi Thirlby, daktari akaja, akasema yuko salama. Alipokwisha kupata joto, amejifunga blanketi mbele ya moto, akatuambia. Mama yake alifariki Agosti. Baba yake alisema dawa ni kazi, arudi chuoni asilie. Akarudi. "Nilikuwa nangoja mtu aniulize," akasema, "kwa sababu sikujua pa kuanzia. Halafu nikaitwa kwa kukosa vipindi."

Nilipiga magoti kando ya kiti chake, nikamwambia nisamehe, Enid. Akanipapasa kichwa, yeye ananituliza mimi.

Jikoni Profesa alikuwa amevaa joho la kuogea la Bi Thirlby, la maua, anakunywa supu kwa sufuria.

"Gervase," Bi Thirlby akamwambia, "ulichagua kanuni gani ulipoingia majini?"

"Niliwaza viatu vyangu. Ni vipya."

"Na yule konstebo? Kwa fundisho lako sasa unatakiwa kukubali kila mtu amdanganye polisi."

"Maud," Profesa akasema, "kwa sasa nakubali supu tu. Niache."

Jumamosi, 17 Novemba

Enid amelala karibu siku nzima. Mchana alikula mayai mawili.

Jumanne, 20 Novemba

Baraza la chuo limekaa juu ya Enid. Kanuni inasema aliyekosa vipindi vitatu na kupuuza wito wa Mkuu anarudishwa kwao. Nilisimama kwanza, nikasema ile taarifa niliitoa mimi na ilikuwa sahihi kwa kila neno, na kwamba kabla ya kuitoa nilipaswa kwenda kugonga mlango wake. Nikakaa.

Bi Thirlby akasema, "Tumekaa hapa kuuliza amevunja nini. Mimi nauliza sisi tuwe watu gani leo. Watu wa haki wangefanyaje? Wenye huruma wangefanyaje? Maana mtu mwenye haki hakosi kutofautisha uvivu na msiba."

Bi Cathcart alikunja mikono juu ya meza. Nikajua tumeshindwa.

"Bi Thirlby, unanizungumzia kana kwamba huruma umeizua wewe," akasema. "Mwaka 1917 nilikuwa mwanafunzi kwenye jengo hili hili. Niliposikia kaka yangu ameuawa vitani Ufaransa, mwalimu wangu aliniambia nimalize insha kwanza. Niliimaliza. Nimesikia Bi Sowerby aliteleza, na sitauliza zaidi. Atapumzika mpaka Januari, nafasi yake itamngoja. Je, kuna mwenye nyumba yenye joto zaidi ya bweni letu?"

"Yuko kwangu tayari," Bi Thirlby akasema.

"Hilo nalo nimelisikia," akasema Mkuu, akahamia ajenda ya boila la kupasha maji.

Nilikwenda chooni nikalia kwa furaha. Nilimdhania mwanamke yule ni rula.

Ijumaa, 23 Novemba

Naandika jibu langu upya, halafu nafuta. Hoja kubwa kuliko zote ninayo, na imevaa suti ya kijivu. Nikisimama mbele ya Jumuiya nikasema, "Mwenye fundisho hili mwenyewe aliingia majini bila kuagiza wala kuchagua, kwa sababu aliona mtoto anahitaji msaada," nitakuwa nimeshinda. Na mji wote utauliza mtoto yupi, maji yapi.

Jumatatu, 26 Novemba

Sitalitaja tukio la mtoni. Sikulipimia hoja hata moja, ila nilimtazama Enid akikaanga mkate, nikajua.

Jumatano, 28 Novemba

Jana jioni. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa sakafuni. Profesa alikuwa mstari wa mbele, miguu amekunja, tayari kufurahi.

Bi Thirlby alisoma akiwa amevaa lile koti, sauti haina mapambo. Alisema neno "lazima" la kimaadili tumelirithi kutoka kwa watu walioamini mtoa sheria, na sasa tumebaki na mtetemo wake bila maana. Alisema maneno yetu ya kweli ni yale mazito: mwoga, mkarimu, mwongo, katili. "Hebu chukueni neno 'katili'," akasema, "mtenganishe sehemu inayoeleza na sehemu inayolaani. Mkimaliza mnionyeshe visu mlivyotumia." Akaleta mfano wa lile jino, watu wakacheka, halafu wakanyamaza. Akamaliza kwa kusema kazi hii hata haijaanza, kwamba hatujui bado fadhila ni nini hasa, wala nia ni nini, wala raha, na kwamba heri tuanze na kitu tusichokijua kuliko kuendelea kucheza na kitu kisichokuwepo.

Kisha mimi. Nilikuwa na kurasa saba. Nilisoma mbili, zile kali, na nikaona Profesa anatabasamu. Nikaweka karatasi chini.

"Nilialikwa kujibu," nikasema. "Ninalo swali moja kwa Bi Thirlby, na ni gumu: nani atatuambia mtu anayeishi vizuri anaishije, ikiwa Mgiriki yule yule aliyetufundisha habari za haki alikuwa na watumwa? Sijui atajibuje. Lakini nimefundisha ule ukuta tangu niajiriwe, na sasa naona kwamba niliuchora mwenyewe. Tunapomwita mtu katili hatuagizi. Tunaona. Na asiyeona, hajachagua kanuni nyingine. Amekosa kitu. Kwa hiyo sina jibu. Ninakubaliana naye."

Mtu nyuma akapiga kelele, "Msaliti!" na ukumbi ukacheka, lakini Profesa hakucheka. Alivaa kofia akatoka kabla ya maswali.

Bi Thirlby alisema swali langu la watumwa ni zuri mno na kwamba nimemharibia Krismasi.

Ijumaa, 30 Novemba

Profesa amepita kando yangu maktabani. Ameinamisha kichwa kidogo, kama kwa mgeni.

Jumatatu, 3 Desemba

Mvua. Mama ameuliza kama nitakuja na mizigo yote au nusu.

Jumanne, 4 Desemba

Profesa ndiye mwenyekiti wa kamati. Nilikuwa sijui.

Alhamisi, 6 Desemba

Sina cha kuandika. Enid amenisomea insha aliyoandika kwa hiari yake, na ameanza tena kunipa shida kwa maswali.

Ijumaa, 7 Desemba

Kamati ilikaa saa nne asubuhi. Nilikuwa nafunga vitabu kwenye masanduku kwa kamba, ili mikono iwe na kazi. Saa saba mlango ukagongwa, alikuwa Profesa Haslam, amelowa, amesimama na kofia mkononi.

"Unahama?"

"Nadhani."

"Fungua hizo kamba. Kazi ni yako. Ya kudumu."

Nilikaa juu ya sanduku. Nilitaka kusema asante, nikasema, "Lakini hukuongea nami siku zote hizi."

"Nilikuwa na hasira. Bado ninayo. Una makosa kabisa, Hester, wewe na Maud, na nitaandika kurasa arobaini kuwaonyesha mlipokosea." Alivua koti, akatafuta pa kulitundika, akalishika tu. "Ungeweza kutaja ule mtoni. Nilikaa pale mbele nangoja. Ungenimaliza, watu wote wangeinuka kukupigia makofi. Kwa nini hukutaja?"

"Enid si mfano wa kufundishia."

"Hiyo ni kanuni gani?"

"Si kanuni, Profesa."

Akaguna. Akaenda dirishani, akajaribu kulifunga, likakataa.

"Na wewe kwa nini umenitetea?" nikamuuliza. "Nimekuaibisha mbele ya Jumuiya nzima."

"Kwa sababu kamati ilitaka mtu wa kufundisha vijana, si kasuku. Nikawaambia, huyu binti alikuwa na kila sababu ya kunifurahisha, na alijua bei yake, akasimama akasema anachoamini, na bado akanitunzia siri ambayo hata sikumwomba aitunze. Nikawaambia nimefundisha watu wengi wenye akili, lakini mtu aliye mwa..."

Akanyamaza. Mdomo ukabaki wazi.

"Mwa nini, Profesa?"

"Hapana."

"Mwaminifu?"

"Nilikuwa natoa agizo," akasema. "Ajiriwe. Ndiyo maana yake yote. Ajiriwe!"

Nilianza kucheka nikashindwa kuacha, nikacheka mpaka nikalia, na yeye akasimama pale akijaribu kukasirika, mabega yakimtikisika, mpaka naye akashindwa, akakaa chini kwenye sanduku la pili akajifuta macho kwa kofia. Alipopata pumzi aliniuliza kama nina kitu cha kula. Nilikuwa na jibini na nusu mkate. Tulikula vyote, tukibishana, na alipoondoka nilijitupa kitandani na viatu vyangu, nikalala mpaka giza.